Mama Prezida wa robine: kisa kimoja cha Kadutu, na lise ya wasichana ilichangia nini

Niko na kaye yake, yaani daftari, hapa juu ya meza. Ni kaye ya kawaida ile ya wanafunzi, ganda la bluu limelowa maji mara si moja, kila ukurasa umepigwa mistari kwa rula: siku, saa robine (bomba la maji la mtaa) ilifunguliwa, bidoni (madumu) ngapi zilipita, makuta (pesa) kiasi gani yaliingia, nani alikuwa zamu, alafu sahihi mbili. Sahihi mbili kila jioni, hata ile siku maji hayakuja kabisa, ameandika tu "hakuna" na bado watu wawili wametia sahihi chini yake. Mi nafundisha hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, miaka mingi sasa, rapori za wakubwa wa leta (serikali) nimezisoma nyingi, na chache sana ziko safi kama hii kaye ya robine ya mtaa, njo maana nimeamua kukiandika hiki kisa kutoka mwanzo mpaka mwisho, na mazuri yake na yale yaliyoharibika.

Mwenye kaye tulisoma lise moja, yaani sekondari ya wasichana peke yao, yeye alinitangulia madarasa mawili. Jina lake sitaliandika wala jina la lise, ameniruhusu kueleza kwa sharti hilo. Nitamuita Mama Prezida juu mtaa mzima ulimuita hivo, na watoto wake mpaka leo wanaitwa watoto wa Mama Prezida.

Swali ninalolibeba ni hili. Watu wanasema shule ya wasichana peke yao inamtayarisha mwanamke kuongoza mambo ya watu wote, awe kwenye kazi ya leta, kwenye komini (manispaa), mpaka bungeni. Inamtayarisha kwa njia gani hasa? Nikiuliza wananijibu inampa msichana kujiamini. Hilo jibu halinitoshi, kujiamini hakulipi faktire (bili) ya maji, na huyu dada mi namjua, siku alipochukua ile kazi alikuwa anatetemeka mikono.

Ilikuwa mwaka 2018, mtaa mmoja wa juu kabisa komini ya Kadutu. Asiyejua Bukavu nimueleze kidogo: mji umepanda milima, Ziwa Kivu liko pale chini kwenye mita 1,460 juu ya bahari, unaliona linang'aa ukiwa mlangoni kwako, na huku juu mtoto anaamka saa tisa ya usiku kutafuta bidoni moja. Maji yanapandishwa na pompe, pompe inataka umeme, umeme ukikatika robine inakohoa hewa tu. Mtaa ule ulikuwa na robine moja ya watu wote, bidoni ya lita 20 kwa franga 100 za Kongo, na komite ya kuisimamia. Komite ilikuwa ya wanaume watano na mama mmoja aliyewekwa kwa ajili ya usafi, yaani kufagia pale kwenye sementi. Makuta yalikuwa yanaingia kila siku, yanakaa kwenye mfuko wa mtu mmoja, ukimuuliza anakwambia hesabu iko kichwani. Siku faktire za nyuma zilipokusanywa pamoja deni likatisha kila mtu, robine ikapigwa kufuli na ikakaa hivo miezi mitatu.

Miezi mitatu wamama na wasichana walikuwa wanashuka bondeni kwenye chemchemi na kupanda tena, bidoni mgongoni na kamba kwenye paji la uso kama tunavyobeba huku kwetu. Mama Prezida ni mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa anaandika waliochelewa darasani mwake, na siku moja aliniambia wasichana 17 wamechelewa na mvulana mmoja. Huyo mvulana alikuwa na malaria.

Bas, mkutano ukaitwa kwenye uwanja wa kanisa. Prezida wa zamani akasema amechoka. Wanaume wakaulizwa mmoja mmoja nani anachukua, huyu ana safari, yule ana mgongo, mwingine kazi yake haimruhusu. Ndipo muzee mmoja akasema mwalimu achukue, yeye alisoma kwa masere (masista), hataiba. Watu wakapiga makofi.

Nataka nisimame hapa kidogo juu jambo hili linaniuma. Makuta yalipokuwa yanaingia vizuri hakuna aliyemkumbuka, kiti alipewa siku kilipokuwa kinawaka moto. Nimeyaona haya kwenye komite ya wazazi, kwenye ushirika wa akiba, hata parokiani: mwanamke anaitwa deni likishakuwa mlima, akilimaliza anaambiwa asante mama, sasa pumzika. Tunapohesabu wanawake viongozi tuangalie pia walikabidhiwa nini siku ile walipoingia.

Alichofanya jioni ileile kilishangaza watu. Alikataa kuchukua ufunguo. Akasema kwanza remizi-reprizi, yaani yule anayetoka na yule anayeingia wahesabu kila kitu mbele ya macho ya watu na waandike. Wazee wakaguna, eti kuna nini cha kuhesabu, kufuli moja na deni. Akakazia. Wakahesabu: kufuli moja, funguo mbili (moja imevunjika), bomba la plastiki la mita tatu, meza moja bila mguu, faktire ambazo hazijalipwa, makuta kwenye kese (sanduku la pesa) sifuri. Akaandika sifuri kwa herufi na kwa tarakimu, akaomba sahihi, kisha akasoma kwa sauti yote aliyoyaandika, na pale ndipo watu wa mtaa kwa mara ya kwanza wakasikia deni lao kwa hesabu kamili. Kuna mama alilia. Kesho yake akapitia nyumba kwa nyumba na mpango wa kulipa kwa vipande, kipande cha kwanza kikalipwa, robine ikafunguliwa.

Nilimuuliza hiyo remizi-reprizi aliifikiria vipi usiku ule, akanitazama kama nimemuuliza amejifunza wapi kuvaa viatu. Akasema si ndivyo tulivyokuwa tunafanya dortwari, kule bwenini?

Na ni kweli. Kwenye internati yetu kila mwaka wa shule ukiisha, msichana anayetoka kwenye kazi fulani na anayeingia walikuwa wanahesabu sahani, baseni, fagio, taa, wanaandika, sere anatia sahihi. Yeye akiwa na miaka 16 alikuwa mkubwa wa maji. Maji yalikuwa yanakatika pale pia, kwa hiyo kulikuwa na mapipa manne ya akiba kwa wasichana zaidi ya 60, na kazi yake ilikuwa kugawa, kila mtu ndoo moja, siku mbaya nusu ndoo. Finalisti, wale wa darasa la mwisho, wakataka waoge kwanza, juu wao ni wakubwa na wako na egzeta (mtihani wa taifa). Yeye alikuwa wa tano tu. Akabandika liste mlangoni: leo wanaanza wa kwanza, kesho wanaanza wa pili, hivo mpaka finalisti. Vita ikawa kubwa, walimnunia wiki nzima. Sere hakuingilia, alimwambia tu rapori anaingoja Jumamosi. Mi nilikuwa mdogo pale na nakumbuka vizuri siku yetu ilipofika tukaoga wa kwanza, maji ya baridi kabisa, tukaona tumekuwa watu.

Hapa ndipo nafikiri siri iko. Lise haikutuambia kila siku nyie ni viongozi, sikumbuki hotuba hata moja ya namna hiyo. Ila hakukuwa na mvulana, basi kila kazi lazima ishikwe na msichana. Kengele inapigwa na msichana, jenereta inawashwa na msichana, anayepanda ngazi kubadilisha balbu ni msichana, anayeenda sokoni na sere wa uchumi kununua magunia ya maharagi na kuandika bei ni msichana wa miaka 15. Nimefundisha pia shule za mchanganyiko hapa mjini, nimeona inavyokwenda: chefu wa darasa mvulana, sekretere msichana juu ana mwandiko mzuri, na wengine wanawekwa kwenye usafi na maua. Hakuna mwalimu aliyepanga ubaya, wakati mwingine mwalimu mwenyewe ni mimi, mkono unakwenda wenyewe kumuonyesha mvulana. Kwenye lise mkono wa sere haukuwa na mvulana wa kumuonyesha.

Wenzetu Marekani wana vyuo vikuu vizima vya wanawake, na huko mambo yalianza na kazi za namna hii. Mary Lyon alipofungua Mount Holyoke mwaka 1837 aliwapa wanafunzi wenyewe zamu za kupika na kusafisha ili ada ishuke, binti wa mtu wa kawaida aweze kuingia. Pale pale miaka mingi baadaye akasoma Frances Perkins, akamaliza 1902, na yeye ndiye mfano ninaoupenda kuliko yote. Alisoma fizikia, lakini mwaka wa mwisho alichukua somo la historia ya uchumi ambalo mwalimu wake aliwatoa wanafunzi nje ya darasa, wakaenda kwenye viwanda vya karibu kuangalia watu wanavyofanya kazi na kuandika walichokiona. Tarehe 25 Machi 1911 Perkins alikuwa New York kiwanda cha nguo cha Triangle kilipowaka moto, watu 146 wakafa, wengi wao wasichana wahamiaji, na yeye alikuwa pale chini anaona. Mwaka 1933 Rais Roosevelt akamuweka waziri wa kazi, mwanamke wa kwanza kuingia baraza la mawaziri la Marekani, akakaa mpaka 1945, na sheria ya 1935 ya pensheni na msaada kwa wasio na kazi imepita mikononi mwake. Kati ya ile ziara ya kiwandani na ile sheria kuna zaidi ya miaka 30. Nauhesabu huo muda kila mara nikisikia mtu anataka matunda ya shule ya wasichana ndani ya miaka mitatu ya mradi.

Na kwetu? Wakati wa Wabelgiji msichana wa Kongo alifundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba, wanawake wa mjini walikuwa na foyer social yao (kituo cha mafunzo ya wamama) kwa mambo hayohayo, na uhuru ulipofika 1960 hakukuwa na mwanamke Mkongo hata mmoja aliyemaliza sekondari. Wa kwanza ni Sophie Kanza, 1961, akaenda Geneva kusoma sosiolojia, na Oktoba 1966 akawa waziri wa mambo ya jamii, mwanamke wa kwanza waziri katika nchi yetu, kabla hata wanawake wenzake hawajaanza kupiga kura, maana kura tuliipata 1967. Alizaliwa 1940, mwaka uleule na Wangari Maathai wa Kenya, na Wangari pia alipita mikononi mwa masista: Loreto Limuru, alafu chuo cha wanawake cha Mount St. Scholastica kule Kansas ambako alimaliza biolojia mwaka 1964. Miti aliyoanza kupandisha wamama mwaka 1977 ilianzia ndani ya baraza la wanawake wa Kenya. Ubunge ulikuja 2002, unaibu waziri 2003, Nobel 2004. Kwanza miti, kiti baadaye. Nikiangalia Mama Prezida na robine yake naona njia ni ileile, hata kama yeye hajafika mbali.

Lazima niseme na upande mwingine, nisije nikadanganya watu. Wasichana wanaoingia shule hizi wamechaguliwa tayari. Wazazi wao waliweza kulipa, au mtoto alikuwa na akili sana parokia ikamsaidia. Ukichukua watoto wa namna hiyo ukawaweka popote, wengine wangefika tu. Kwa hiyo mtu akiniletea majina ya wakubwa waliosoma Wellesley, chuo kingine cha wanawake Marekani, kama Madeleine Albright aliyemaliza 1959 na Hillary Clinton aliyemaliza 1969, wote wawili waliokuwa mawaziri wa mambo ya nje, mi nayapokea lakini peke yake hayanitoshi. Marekani yenyewe vyuo vya wanawake vilikuwa zaidi ya 200 miaka ya 1960, leo havifiki 40, vingine vimefungwa, vingine vimekubali wavulana, na wanawake bado wanapanda vyeo wakitoka shule za mchanganyiko. Ninachoweza kutetea ni kile nilichokiona mwenyewe: kaye, zamu, remizi-reprizi. Hivyo vilitoka lise, mwenyewe anavionyesha kwa kidole.

Sasa nije kwenye yale lise haikumpa, na hapa kisa kinakuwa kigumu.

Miezi michache baada ya kuanza, alitakiwa kupeleka karatasi za komite kwenye ofisi moja, sitaitaja. Akaenda na dosye yake imepangwa, PV (maandishi ya mkutano), liste ya wanachama, kopi tatu. Akakalishwa kwenye benchi asubuhi mpaka saa saba. Alipoingia akaulizwa bwana yake yuko wapi. Sheria ya familia ya 1987 ilikuwa inadai mke apate ruhusa ya mume kwa mambo mengi, lakini ilibadilishwa mwaka 2016, yeye alijua hivo, akasema hivo, kwa adabu, kwa sauti ya chini kama tulivyofunzwa. Yule bwana akacheka, akaomba makuta ya karatasi. Akaomba risiti. Akaambiwa arudi wiki ijayo. Akarudi. Na wiki nyingine. Mara ya nne alikuja nyumbani kwangu amekaa kwenye kiti bila kuvua kitenge cha mvua, akaniuliza: nimekosea wapi, karatasi zote ziko sawa.

Karatasi zilikuwa sawa. Lise ilitufundisha kwamba karatasi ikiwa sawa mlango unafunguka, maana kule nyuma ya karatasi alikuwa amesimama sere, na sere hakuna aliyebishana naye. Huku nje nyuma ya karatasi yake hakukuwa na mtu.

Aliyemtoa pale ni mama mmoja muuza makala (mkaa) wa mtaa uleule, aliyeachia darasa la tatu. Huyu mama ndiye shule ya pili ya Mama Prezida, na bila yeye kisa kingeishia kwenye benchi. Alimuuliza swali moja tu: katika ile ofisi nani anakaa mtaa wetu? Mama Prezida hakujua. Mama makala alijua, alijua na mama yake yule mtu, na matanga ya baba yao alikuwa amepeleka gunia la makala bila kudai. Wakaenda pamoja jioni kusalimia, hawakuongea karatasi hata dakika moja, wakaongea mvua na bei ya fufu. Jumatatu asubuhi wakaenda ofisini wamama 11, wakasimama tu uani, kimya, wote na bidoni tupu. Saa nne dosye ilikuwa imetiwa muhuri, bila franga.

Lakini msifikiri hao wawili walipendana sana. Walibishana karibu kila wiki. Ugomvi mkubwa ulikuwa wa wazee na wajane wasioweza kulipa: mama makala alitaka wapewe maji kimyakimya, bila kuandikwa, juu ukiandika kila mtu atajifanya mjane. Mama Prezida alikataa kabisa, bidoni isiyoandikwa ni wizi hata ikienda kwa mjane. Ilichukua wiki mbili. Ukifungua kaye kuanzia katikati unaona mstari mpya umeongezwa kwa biki nyekundu, juu yake "wazee", bila majina, hesabu tu: 4, 4, 5, 4. Hesabu inaonekana, watu hawaonekani. Mi huwa nauonyesha ukurasa ule kwa wanafunzi wangu kuliko kitabu chochote cha utawala, maana pale ndani akili ya lise na akili ya soko zimekaa kwenye mstari mmoja.

Bwana yake nimseme kwa kifupi, mwanzo alikasirika juu ya maneno ya nganda (baa), baadaye akawa anashika zamu ya Jumapili mwenyewe na sahihi yake iko.

Deni liliisha baada ya miezi 14. Wakanunua bomba jipya, wakajenga paa dogo la malata (mabati) juu ya robine ili wamama wasilowe. Mwaka 2021 komite ikachaguliwa upya, na Mama Prezida akashindwa kwa kura 11. Aliyeshinda ni mwanaume kijana, mpole, aliyeahidi bidoni za mkopo. Kampeni yake ilifanyika jioni kwenye viti vya plastiki, bia mezani, wakati ambapo yeye anapika na kusahihisha madaftari. Aliposhindwa alikuja kwangu akalia, na nilipomuuliza aliomba kura kwa nani na nani, akanijibu hakuomba mtu yeyote. Alidhani kaye ingemuombea.

Nimefikiria jibu hilo miaka mingi sasa, na ndilo limenifanya nielewe kisa chote. Kwenye lise yetu kazi zote zile, maji, kengele, sokoni, tulikuwa tunapewa. Masere walikaa, wakaangalia mwenendo, wakasoma majina asubuhi moja kwenye mstari. Hatukupiga kura hata siku moja. Hatukuomba kura, hatukushindwa, hatukuona mwenzetu anashinda kwa maneno matamu ikabidi tumpe ufunguo na kumsalimia. Tulijifunza kufanya kazi vizuri sana, kuiomba hatukufundishwa, na zaidi ya hapo kuomba cheo kulionekana tabia mbaya kwa msichana. Linganisha na wale wa Marekani: Frances Perkins alichaguliwa na wenzake kuwa rais wa darasa lake, Hillary Clinton aliongoza serikali ya wanafunzi Wellesley kwa kura mwaka 1968. Kule msichana anaomba kura kwa wasichana wenzake, anashindwa kwao, analia kwa siri, mwaka ujao anarudi. Vyuo vile vikiwa na kitu cha kutufundisha, mi nachukua hicho kabla ya majengo na maktaba.

Mwaka 2023 likaja jaribu lingine. Konstitisyo (katiba) yetu ya 2006 kwenye kifungu cha 14 inataka usawa wa wanawake na wanaume kwenye vyombo vya nchi, sheria ya Agosti 2015 ikafafanua, na sheria ya uchaguzi iliyorekebishwa 2022 ikasema liste yenye wanawake angalau nusu hailipi dhamana. Matokeo yake vyama vikaanza kutafuta wanawake mitaani kama mtu anayetafuta chumvi moto ukishawaka. Chama kimoja kikamfuata Mama Prezida awe kandida wa udiwani wa komini, uchaguzi wa Desemba 2023. Akauliza mambo mawili: kwenye liste niko namba ngapi, na makuta ya kampeni ni kiasi gani na nani anayaandika. Hawakujibu. Akakataa.

Tuligombana juu ya hilo. Mi nilimwambia aingie tu, hata kama wanamtumia kujaza liste, mtaa unamjua, mama makala peke yake angemletea kura za soko zima. Akaniambia hawezi kuingia nyumba ambayo hakuna remizi-reprizi. Namheshimu, lakini bado naona alikosea, na naona kosa lenyewe limetoka palepale uzuri wake ulipotoka. Usafi uleule uliookoa robine ulimzuia kuingia mahali pachafu ambapo tunamhitaji. Tuliposikia Aprili 2024 Judith Suminwa ameteuliwa waziri mkuu, mwanamke wa kwanza Kongo, alinipigia simu usiku kwa furaha, na nikamuuliza unafikiri yeye aliambiwa mapema yuko namba ngapi? Akanyamaza, kisha akakata.

Tangu Februari 2025 mji umepita mambo mengine ambayo siyaingizi kwenye kisa hiki. Robine iko, kaye iko, maana yule kijana aliyeshinda aliiendeleza, sahihi zimebaki mbili, na bidoni za mkopo zilimshinda ndani ya miezi mitano.

Mi nimerudi lise yetu kuongea na direktrisi wa sasa. Nilimuomba mambo machache: wasichana wa sekisyo (michepuo) zote waende komini kukaa kwenye kikao, wasome bajeti halisi ya komini na kuuliza maswali, na viongozi wa internati wachaguliwe kwa kura, kwa kampeni ya wiki moja, mgombea apite dortwari kwa dortwari. Mawili ya kwanza bado anayafikiria, la kura alikubali lianze na darasa la nne. Sanduku la kura lilikuwa bidoni ya njano iliyokatwa mdomo. Wagombea watatu wa kazi ya maji, mmoja wao ni yatima anayelipiwa, akatembea dortwari zote na karatasi yake ameandika jinsi atakavyogawa ndoo siku mbaya.

Alishindwa. Nilikuwa nimemleta Mama Prezida siku ile, alikaa nyuma ya refektwari (chumba cha kulia) na kitenge chake. Kura zilipohesabiwa yule msichana akatoka nje kusimama kwenye veranda, Mama Prezida akamfuata, nikawaona kupitia dirisha. Hakumshika bega wala nini. Alimuuliza kitu, msichana akaonyesha vidole vitatu, na yeye akafungua mikono yote miwili, vidole kumi, akakunja, akaongeza kimoja. Wakakaa kwenye ngazi. Msichana akamkunjulia ile karatasi yake ya ndoo, Mama Prezida akatoa biki kwenye nywele na kuanza kumuonyesha mstari mmoja aliousahau.